Kisigino cha Minza

1

Wivu wangu una tarehe. Ulianza Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka wa tisa tangu ng'ombe wa nchi hii waache kushika mimba, saa nne na robo asubuhi, mbele ya kisahani namba 111. Nina uhakika wa saa kwa sababu kila kisahani kinachopita mezani kwetu huandikiwa saa yake, na hicho nilikiandika mwenyewe.

Kilikuwa na mayai manne. Usifikirie mayai ya kuku. Yai la ng'ombe halifiki hata punje ya chumvi; ukilitazama kwa macho matupu unaona vumbi ndani ya maji. Ukiinamia hadubini ndipo linapojitokeza: duara la kahawia, ganda angavu kulizunguka, na nje ya ganda wingu la seli ndogondogo zinazolilisha. Kazi yangu kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kuliangalia hilo duara na hilo wingu, kisha kusema hili litakuwa ndama, hili halitakuwa. Huwezi kulitoboa ukalipima, maana ukilitoboa umeliua. Unaliangalia sura tu, kama ukweni wanavyomwangalia kijana anayekuja mara ya kwanza na kreti la soda.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kuboresha ng'ombe wa maziwa, na ukikosea hakuna aliyelia. Utasa ulipoingia, ng'ombe wakabaki na mayai mazima ndani ya matumbo yasiyoweza kubeba kitu. Ndama wakaanza kukuzwa kwenye mifuko: ngozi bandia, maji vuguvugu, mbegu ya fahali, mirija, miezi tisa. Kituo chetu cha Igunguli kilipewa mifuko ishirini na minne ya kuanzia kwa wilaya mbili nzima; yai likishika, huhamishiwa mifuko mikubwa ya wizara. Mayai mengi, mifuko michache, na katikati nimekaa mimi, Nkwimba Shija, mkuu wa meza ya uchambuzi. Wafugaji wazima walikuwa wananisalimia kwa kuvua kofia, na sitasema uongo, nilipenda.

Nilikuwa na sheria zangu tatu. Wingu liwe nene na lishikane. Rangi iwe kahawia moja, isipauke wala isiwe nyeusi. Ndani kusiwe na chembechembe. Nilizifundisha kwa watu kumi na wawili, na wa kumi na mbili alikuwa Minza.

Minza Ndaki alikuja akiwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mwepesi wa kucheka, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ambao haukuisha. Wiki ya kwanza alishika sheria zote tatu. Wiki ya pili akaanza kuzitilia shaka.

Desturi ya meza yetu ni hii. Wachambuzi wanakaa wawili, kila mmoja na hadubini yake na kibao chake. Kisahani kinaanza kwa mmoja, kinahamia kwa mwingine. Kila mtu anaandika namba ya yai lake, anakifunika kibao, halafu tunafunua pamoja. Yai linalokataliwa linamwagwa kwenye beseni la maji ya moto na mkono wa mkuu wa meza mwenyewe, huku akitaja namba yake kwa sauti. Hatumpi mtu mwingine kazi hiyo.

Siku ile ya kisahani 111 tulifunua. Mimi nilikuwa nimeandika yai la pili, zuri, wingu limejaa kote. Minza alikuwa ameandika la nne. Nikacheka.

"Mdogo wangu, hilo limeshachoka. Ona wingu lilivyoanza kufumuka pembeni. Na ndani lina chembechembe."

"Naliona, mwalimu. Ila sidhani kama limechoka." Alikuwa bado ameinama. "Naona limeiva."

Nikalirudia yai la nne ili nimwonyeshe kosa lake. Na hapo, kwa muda wa kupepesa jicho, nikaona alichokuwa anakiona: yai lililokuwa linajiandaa, linaachia wingu lake taratibu kwa sababu halilihitaji tena sana. Langu la pili, pamoja na uzuri wake wote, lilikuwa bado bichi. Kisha nikapepesa, na kile kitu kikapotea. Nikaona tena yai lililochoka.

Mifuko miwili ilikuwa wazi wakati huo, tukayaweka yote mawili. Siku ya nane ndiyo siku tunayojua kama yai limeshika au limekufa. Langu lilikufa. Lake likashika. Lakini wivu ulikuwa umeshaingia tangu ile Jumanne saa nne na robo, na siku ya nane ulivua viatu, ukakaa.

2

Nilimwonea wivu kwa mambo ya kijinga. Nilimwonea wivu kwa jinsi anavyoketi bila kuumwa mgongo. Niliionea wivu michembe yake. Wafugaji walipoanza kuuliza, "Yule binti mrefu yupo leo?" nilijibu kwamba yupo anasafisha vyombo, hata kama alikuwa mezani.

Ukutani kwetu kuna ubao wa matokeo. Hadi mwezi wa sita, katika kila mayai kumi aliyochagua Minza, saba yalishika. Katika kumi yangu, manne. Nilikuwa nauning'inizia koti langu la kazi ubao ule, eti msumari wa makoti umelegea.

Ndipo akaja Injinia Tumsifu, kutoka wizarani, na Jicho lake ndani ya sanduku la chuma.

Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani minene na tabia ya kueleza kitu mara mbili. Jicho lilikuwa kamera juu ya shingo ndefu inayojikunja, na nyuma yake mashine isiyozidi ukubwa wa debe. Mpango wa wizara ulikuwa rahisi: Jicho lijifunze kutoka kwa mchambuzi mmoja bora, halafu nakala zake zipelekwe vituo vyote arobaini na kimoja. Kila yai la ng'ombe nchini litapimwa kwa macho ya mtu huyo mmoja, hata baada ya mtu mwenyewe kufa. Na jina lake litaandikwa kwenye kila mashine, pale ubavuni.

"Mchambuzi atavaa hii siku arobaini," Tumsifu alisema, akatoa miwani myepesi yenye waya. "Inarekodi anachoangalia, na kwa muda gani. Siiambii mashine sheria yoyote. Ukiiambia sheria inakuwa mjinga mwenye sheria. Inaangalia unapoangalia, halafu inasubiri siku ya nane. Kile ambacho macho yako yalikifuata kabla ya yai kushika, na yenyewe inajifunza kukitafuta."

"Na nikiangalia dirishani?" niliuliza.

"Kama kuangalia dirishani hakusaidii, itasahau yenyewe. Kama kunasaidia, basi na yenyewe itaangalia dirishani."

Tukacheka wote watatu, Minza kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Jioni Tumsifu alinifuata ofisini peke yangu. Alikuwa ameshauona ubao, koti au hakuna koti.

"Bi Nkwimba, nisamehe. Takwimu zinaonyesha Minza anakuzidi. Nimpe yeye miwani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Neno lenyewe fupi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Yule? Yule anafuata macho yangu. Anasubiri mimi nitazame, anaona ninapokawia, anachukua la kwangu kabla sijaandika. Mimi nimebaki na ya kubahatisha. Nimemlea kazini, sikutaka kumwaibisha."

Tumsifu alishusha pumzi, akaniamini, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tisa na mvi mbili. Akanipa miwani.

3

Sasa nilikuwa na miwani na sikuwa na jicho. Siku tatu za kwanza nilichagua kwa sheria zangu, na nilijua siku ya nane inakuja na aibu yake.

Siku ya nne niliangusha pipeti, kile kimrija cha kunyonyea mayai, nikainama kuiokota chini ya meza. Minza alikuwa kwenye hadubini. Alivaa viatu vya wazi vya plastiki, vile vya kuchomeka tu mguu, na nilipokuwa nimeinama nikaona kisigino chake cha kushoto kinateleza kutoka kwenye kiatu, polepole, kikabaki juu hewani. Kikakaa hivyo kidogo. Kisha kikarudi ndani. Tulipofunua vibao, alikuwa amechagua yai la tatu.

Kisahani kilichofuata nilitega jicho. Yai la kwanza, kisigino kimetulia. La pili, kimetulia. La tano, kikatoka.

Minza mwenyewe hakujua. Mtu hajui miguu yake inafanya nini akiwa na akili mahali pengine. Lakini mguu wake ulikuwa unajua yai litakaloishi kabla hata mkono wake haujashika chaki, na mimi, mwalimu wake, nilikuwa nimejua namna ya kuusoma.

Tangu hapo nilipanga visahani vianzie kwake. Nilikaa upande kidogo, nikageuza kiti. Yeye anahamisha kisahani yai kwa yai huku akihesabu kwa sauti ndogo, kama nilivyomfundisha, na mimi nahesabu naye, macho yangu chini ya meza. Kisigino kinatoka kwenye la pili, naandika la pili. Kisahani kikija kwangu naangalia hadubini kwa adabu tu.

Visahani mia moja na kumi na viwili, kutoka 340 hadi 451. Matokeo yangu yakapanda yakalingana na yake. Nikaondoa koti kwenye ubao.

"Mwalimu," Minza aliniambia siku moja, tunanawa mikono, "siku hizi tunachagua sawasawa kila kisahani. Unajua nafurahi? Nilikuwa nadhani naota."

Alisema kwa moyo mweupe. Ningekuwa mtu mwema ningelia palepale. Mimi nilichowaza ni kwamba hata furaha yake ni kubwa kuliko yangu.

Siku ya arobaini Tumsifu akavua miwani usoni kwangu, akaiweka kwenye kasha. Wizara ikaandika barua: kuanzia siku Jicho litakapowashwa, neno lake ni la mwisho, na mchambuzi wa pili hahitajiki tena mezani. Minza alihamishiwa wilaya ya mbali kukagua majosho. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaniuliza kama anaweza kubaki na kibao chake kwa kumbukumbu. Nikamwambia ni mali ya kituo.

4

Jicho liliwashwa Alhamisi, na kisahani chake cha kwanza kililetwa na mtu anaitwa Masunga.

Masunga ni fundi wa pampu za maji, mtu wa makamo, mikono yake haitakati. Aliingia na chupa ya chai ameikumbatia kifuani. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na maji ya chumvi ya vuguvugu, na ovari mbili za ng'ombe wake.

"Mwangaluka, dokta," alinisalimia kwa Kisukuma. Huku kwetu kila mtu wa mifugo ni dokta. "Sabuni amekufa leo alfajiri. Nimefanya kama mlivyotufundisha. Nimepima maji kwa kiwiko, nimekuja mbio."

Nilimjua Sabuni. Alikuwa ng'ombe mweupe pe, wa mwisho wa ukoo wake. Kundi la baba yake Masunga lilikuwa la ng'ombe sitini, weupe wote, na Sabuni alibaki peke yake akizeeka zizini. Masunga alikuwa amekataa mara mbili kumchinja. Ukoo mzima wa ng'ombe wale sasa ulikuwa kwenye chupa ya chai, na mayai hayo yakikaa nje muda mrefu yanakufa.

Tuliyatoa, tukayaosha. Yalikuwa saba. Mfuko uliokuwa wazi ulikuwa mmoja.

Tumsifu akabonyeza swichi. Shingo ya Jicho ikajikunjua kutoka kwenye meza, taa yake ikawaka kijani, kamera ikainamia kisahani. Masunga akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

Jicho likatazama yai la kwanza. Kisha shingo ikainuka. Ikageuka kushoto, taratibu. Ikapita hadubini ya pili, ikapita kiti kitupu cha Minza, ikashuka. Ikajikunja chini ya meza hadi kamera ikawa karibu na sakafu, pale ambapo mguu wa kushoto wa mtu ungekuwa. Ikabaki inatazama saruji.

Mimi nilielewa palepale.

"Ajabu," alisema Tumsifu. Akaizima, akaiwasha. Jicho likatazama yai, likageuka, likashuka chini ya kiti, likasubiri.

"Linatafuta nini, dokta?" Masunga aliuliza.

"Bolti," Tumsifu alijibu, akatafuta spana. "Bolti ya shingo imelegea safarini. Ninaifunga isigeuke. Ni dakika moja. Bolti tu."

Akaifunga. Jicho sasa halikuweza kugeuka. Liliangalia mayai saba, moja baada ya jingine, kwa utulivu kabisa, na kioo cha mashine kikaandika: la kwanza, kataa. La pili, kataa. La tatu, la nne, la tano, la sita, la saba. Kataa.

Masunga alisoma polepole, midomo ikicheza. "Yote?"

Tumsifu alinitazama. Neno la Jicho ni la mwisho, na anayemwaga ni mkuu wa meza. Beseni lilikuwa pale, mvuke unapanda. Pipeti ilikuwa mkononi mwangu.

Ningeweza kumwaga. Nataka hilo lijulikane. Ng'ombe alikuwa mzee, nani angeshangaa? Masunga angelia kidogo, angechukua chupa yake, angeondoka. Bolti ingelaumiwa, kisha ingesahauliwa. Nakala arobaini na moja zingeondoka Igunguli zikiwa na jina langu ubavuni, na katika vituo vyote arobaini na kimoja Jicho lingekaa likiyakataa mayai ya watu kwa sababu halioni kisigino. Nilikuwa na picha ya jina langu lilivyochorwa, herufi za bluu. Nililipenda lile jina.

Nikainama kwenye hadubini nichague mwenyewe, kimyakimya, nidanganye kwamba mashine ni mpya. Nikaona maduara saba. Moja lilikuwa uchi bila wingu, mawili yamepauka, mawili mazuri, mawili yamechoka. Nikangoja nione kinachotakiwa kuonekana. Sikuona kitu. Siku arobaini nilikuwa nimeangalia mguu wa mtu.

"Dokta?" Masunga alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana kwa mwili wake. "Kama hayafai niambie tu. Usinifiche."

Nikaweka pipeti chini, nikatoka mbio na koti la kazi, na mvi zangu mbili.

5

Gari la wizara lilikuwa getini. Minza alikuwa anamsaidia dereva kufunga godoro lake kwa kamba.

"Minza! Shuka! Shusha godoro!"

Alinitazama kama mtu anayetazama moto kwa jirani. "Kuna nini, mwalimu?"

Nilikuwa sina pumzi, kwa hiyo niliyasema bila kuyapamba. Kwamba nilimwambia Tumsifu yeye ananifuata macho, na ulikuwa uongo. Kwamba nilikuwa namfuata mimi, namfuata kisigino. Kwamba kisigino chake cha kushoto hutoka kwenye kiatu akiona yai litakaloishi. Kwamba sasa mashine ya serikali iko chini ya kiti chake inakitafuta, na kuna mayai saba ya Sabuni mezani, na saa inakwenda.

Dereva aliacha kamba. Minza alitazama miguu yake. Aliitazama kama imetoboa siri yake.

"Kisigino," alisema.

"Cha kushoto."

"Na ndiyo maana nikapelekwa majosho."

"Ndiyo."

"Kwa nini, dada Nkwimba?" Hakuwahi kuniita kwa jina kabla. "Ungeniuliza ningekuonyesha. Ningekaa na wewe hata mwezi mzima. Kwa nini?"

"Kwa sababu nakuonea wivu," nikasema. "Kama ninavyokuonea wivu hata leo, na godoro lako hilo."

Nilidhani atanipiga. Alivuta pumzi kwa pua, akageuka, akaanza kutembea kuelekea maabara, haraka, viatu vya plastiki vinapiga saruji, na mimi nyuma yake.

6

Tumsifu alinisikiliza akiwa na spana mkononi. Nilirudia yote mbele yake na mbele ya Masunga, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa na pumzi. Nilipomaliza alianza kufungua bolti aliyoifunga ili aing'oe shingo.

"Minza, kaa uchague," nikasema.

"Sichagui." Alivua viatu, akapanda kwenye kiti chake, akakunja miguu yote miwili chini yake, kama mtu aliyekaa mkekani. "Nikichagua mimi, kesho itasemwa tena kwamba nilifuata macho yako. Chagua wewe. Mimi nimeshayaangalia wakati unamweleza Injinia. Ukielekea kwenye yai lisilofaa nitakushika mkono, yai la Masunga halitapotea. Ila chagua."

"Sioni, Minza. Nakwambia kweli. Sioni."

"Angalia."

Nikaangalia. Yai uchi, hapana. Hilo hata dereva angelikataa. Yaliyopauka, hapana. Mazuri mawili yalinivuta, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, nikanyoosha mkono, na nikahisi mkono wa Minza umejongea kwenye meza. Nikayaacha. Yakabaki yale mawili yaliyochoka, la tano na la sita. Yote wingu limefumuka, yote yana chembechembe.

Najionea aibu kusema hili. Nilijifanya nakohoa, nikainama, nikaangalia chini ya kiti chake. Hakukuwa na mguu. Alikuwa ameukalia.

"Yai, dada," alisema Minza juu yangu. "Yai."

Nikarudi kwenye hadubini. La sita: wingu limefumuka, lakini limefumuka vibaya, vipande vipande, na seli zimeshikana mafundo meusi. La tano: wingu limeachia ukingoni tu, sawasawa kulizunguka duara lote, na karibu na ganda bado limekaza. Chembechembe zake zilikuwa zimekwenda pembeni, katikati kumeachwa kweupe. Nilikuwa nimewaambia watu kumi na wawili kwamba hiyo ni dalili ya kifo. Nikakaa nalo. Masunga alikuwa anapumua kwa mdomo nyuma yangu. Nikaendelea kukaa nalo, na kile nilichokiona kwa kupepesa jicho kwenye kisahani 111 kikarudi, na safari hii hakikuondoka.

"La tano," nikasema. "Limeiva."

Nikashika pipeti. Nikalitenga la tano ukingoni mwa kisahani, lisubiri mfuko upashwe joto. Mkono wa Minza haukunizuia.

Masunga hakuelewa yote, lakini alielewa kwamba kuna moja. Alivaa kofia, akaivua tena.

Tumsifu alikuwa amekaa na orodha yake ya kurekodi. "Visahani vya mafunzo lazima virekebishwe jina la mchambuzi," alisema bila kuniangalia. "Nitasoma, wewe unajibu. Ni utaratibu. Kisahani 340?"

"Minza."

"341?"

"Minza."

"342?"

Alivisoma vyote mia moja na kumi na viwili. Hakuruka hata kimoja, na katika kila kimoja ilinibidi nifungue mdomo. Kwenye 380 nilikuwa nalia. Kwenye 420 nilikuwa nimekasirika, sijui kwa nani. Minza hakufurahi wala hakunionea huruma. Alikuwa ameteremsha miguu, amevaa viatu vyake, amevuta kisahani cha Sabuni kwake, na alikuwa anayaangalia mayai kwa zamu, akihesabu kwa sauti ndogo.

"451?"

"Minza."

"Na hiki cha leo?" Tumsifu aliinua kalamu. "Yai la tano. Niandike nani?"

Kabla sijajibu, shingo ya Jicho, ambayo bolti yake ilikuwa wazi na hakuna aliyekumbuka kuizima, ilianza kusogea. Ikageuka kushoto. Ikainama chini ya meza. Minza alikuwa amefika kwenye yai la tano, ameacha kuhesabu, na kule chini kisigino chake kilikuwa kimetoka kwenye kiatu, kiko hewani. Taa ya kijani ikapepesa. Kioo cha mashine kikaandika: Daraja la kwanza.

"Langu," nikasema. "Hilo andika langu."